Harufu ya samadi inakushinda? Mwongozo kamili kwa mwenye ng'ombe wa ndani na kuku, hatua kwa hatua

Tangu masika ianze meseji ninazopata zinafanana karibu zote. Mtu anasema nimemwaga majivu, nimemwaga chokaa, nimenunua dawa ya kunyunyiza dukani, bado banda linanuka na jirani ameshafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wengine wameshaandika mara tatu na kila mara kosa ni lilelile, ndo maana nimeamua nikae niandike yote kwa mpangilio.

Mimi niko huku Arumeru, chini ya Mlima Meru, nafuga ng'ombe watatu wa ndani na kuku mia na kitu. Huku nyumba na mabanda vimebanana, ukuta wa banda langu na dirisha la jikoni la jirani ni hatua kama kumi na tano hivi. Kwa hiyo ninachoandika hapa nakifanya kila siku, na yapo niliyokosea sana kabla ya kujua.

Shika jambo moja kabla hujaanza: harufu za samadi ni mbili na kila moja ina chanzo chake. Ya kwanza ni ile inayochoma macho na pua, hiyo ni amonia. Mkojo wa ng'ombe una urea, na kinyesi kina kimeng'enya kinachoigeuza urea kuwa amonia, vikikutana tu sakafuni ndani ya masaa machache hewa inaanza kuchoma. Ya pili ni ile ya mayai viza, nzito, inayokaa kooni. Hiyo inatoka pale samadi imeloa ikakosa hewa ikaanza kuoza kwa ndani. Kwa hiyo kazi yetu yote ni kutenganisha mkojo na kinyesi, kuzuia maji, na kuifanya samadi ipumue. Dawa ya kunyunyiza haifanyi hata moja kati ya hayo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hatua yoyote kabla hujawa na hivi, maana wengi wanakwama katikati:

- Chepe, uma wa shambani, reki na toroli
- Gambuti, glavu na kitambaa au barakoa ya kufunika pua
- Dumu au pipa la plastiki la lita 100 au zaidi lenye mfuniko
- Kipande cha nondo kama mita moja na nusu
- Turubai au maturubai ya zamani
- Ndoo mbili za lita 20 zinazolingana
- Vitu vikavu VINGI: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu ya migomba, makapi ya maharage, pumba za mpunga, maranda ya mbao, maganda ya kahawa, chochote ulichonacho karibu

Hiyo ya mwisho ndo watu wanaipuuza. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 hivi anatoa kama kilo 25 hadi 30 za kinyesi na mkojo kwa siku. Piga hesabu ya watatu kwa wiki, uone kama viroba viwili vya maranda vinatosha. Havitoshi. Mimi mabua naweka akiba wakati wa mavuno, nayarundika chini ya paa, maana mvua ikishaanza huwezi kupata kitu kikavu hata kwa hela.

## Hatua ya 1: Tafuta inakotokea

Pua ya mfugaji imezoea. Ukikaa bandani dakika chache pua inaacha kukwambia ukweli, kwa hiyo usiseme "mbona hainuki" wakati jirani analalamika. Toka nyumbani, nenda sokoni au kazini, ukirudi pitia njia ya jirani kwanza ndo uingie kwako.

Zunguka mara mbili, saa kumi na mbili asubuhi na saa moja jioni. Muda huo hewa imetulia na baridi, na hewa ya baridi inateremka kama maji, inafuata bonde. Kama jirani yako yuko upande wa chini atapata harufu usiku hata kama mchana upepo unaelekea kwingine kabisa. Funga kipande cha mfuko mwepesi kwenye kijiti karibu na banda uangalie upepo unaelekea wapi asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu.

Utajua umefanikiwa ukiweza kunyoosha kidole na kusema harufu inatoka hapa: kona ya banda, mfereji, rundo, au chini ya chombo cha maji cha kuku. Kwa uzoefu wangu ni sehemu moja au mbili tu zinazoharibu, sio boma zima.

## Hatua ya 2: Zuia maji ya mvua

Hii ni ya haraka na bei nafuu. Weka gata kwenye paa la banda, chimba mtaro upande wa juu wa banda na wa rundo ili maji ya mlimani yapite pembeni. Rundo lisikae bondeni wala karibu na kisima, acha angalau mita 30 kutoka kwenye kisima au mto.

## Hatua ya 3: Tenganisha mkojo na kinyesi

Hapa ndo nusu ya harufu inapoisha.

Sakafu ya banda iwe ya zege na iwe na mteremko wa kama sentimita 3 kwa kila mita moja, ukielekea kwenye mfereji wa nyuma. Mfereji nao uteremke hadi kwenye pipa lenye mfuniko. Kama huna hela ya zege sasa hivi, shindilia udongo na mawe vizuri, weka mteremko uleule, alafu tandika mabua mahali ng'ombe anapolala ili yanyonye.

Zoa kinyesi asubuhi na jioni, KIKAVU. Namaanisha kwa chepe na toroli, usichukue mpira wa maji ukaosha kila kitu kwenda nje. Najua sakafu iliyooshwa inapendeza, ila yale maji ya kahawia yanayoenda nyuma ya banda ndo yanayotengeneza kidimbwi cha mayai viza. Osha kidogo mwishoni, baada ya kuzoa, na hasa sehemu ya kukamulia.

Mkojo wa kwenye pipa ni mbolea. Changanya sehemu 1 ya mkojo na 3 za maji, mwagia kwenye udongo kuzunguka migomba au majani ya tembo, sio kwenye majani yenyewe, alafu funika na udongo au nyasi. Fanya hivyo kila baada ya siku mbili tatu, pipa lisijae likafurika.

Tahadhari kubwa: kama una shimo la samadi lililofunikwa, usiingie humo kwa sababu yoyote, hata kama ndoo imedondoka, hata kama mbuzi ametumbukia. Ile gesi ya mayai viza ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo unadhani hewa ni safi kumbe ndo unakufa. Na anayeingia kumuokoa wa kwanza naye anabaki humohumo. Funika shimo kwa kitu ambacho mtoto hawezi kufungua.

Utajua umefanikiwa ukichuchumaa nyuma ya ng'ombe asubuhi kabla hujazoa, macho yasichome.

## Hatua ya 4: Banda la kuku

Kuku wadogo ila harufu yao kali kuliko ng'ombe, maana kinyesi na mkojo wao vinatoka pamoja, huwezi kuvitenganisha. Silaha pekee ni ukavu.

Tandika maranda au pumba kimo cha sentimita 8 hadi 10. Chukua konzi ya matandiko, minya, fungua mkono. Yakibaki yameshikana kama donge yameloa sana, yakitawanyika yenyewe taratibu yako sawa. Angalia hasa chini ya vyombo vya maji, pale ndo panapolowa kila siku. Inua vyombo hadi usawa wa mgongo wa kuku wasimwage, na zile sehemu zilizoganda kama keki zitoe leoleo, weka kavu mpya. Juu ya kuta acha wavu wazi hewa moto itoke, usizibe banda lote na viroba kisa baridi.

## Majivu na chokaa: acha kwanza

Nasimama hapa kidogo kwa sababu hili ndo linaniumiza zaidi. Watu wengi wanamwaga majivu juu ya kinyesi kibichi cha kuku wakitegemea harufu itakufa, na mimi nilifanya hivyo mwaka mzima. Majivu na chokaa ni alikali, na alikali inaifukuza amonia kutoka kwenye samadi kuingia hewani. Yaani unaongeza harufu kwa mkono wako, na naitrojeni uliyotaka mahindi yale inaondoka na upepo.

Chanzo cha kuchanganyikiwa ni choo cha shimo, kule majivu yanasaidia kukausha juu na kupunguza nzi. Kwenye samadi mbichi inayochoma pua ni kitu kingine. Majivu yako yatawanye moja kwa moja shambani, siku tofauti na samadi.

## Hatua ya 5: Jenga rundo linalopumua

Sasa tumefika kwenye yenyewe. Ukikosea hapa hayo mengine yote ni bure.

Chini. Tandaza matawi na mabua mazima yasiyokatwa kimo cha sentimita 20 hadi 30. Hii ni njia ya hewa kuingia kwa chini. Wanaoweka kinyesi moja kwa moja juu ya ardhi ndo wale wanaoniambia rundo linatoa maji meusi.

Vipimo. Kinyesi cha ng'ombe ndoo 1, vitu vikavu ndoo 2. Kinyesi cha kuku ndoo 1, vitu vikavu ndoo 3. Sababu ni kwamba wadudu wadogo wanaoozesha wanahitaji kaboni kama sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni. Samadi ina naitrojeni nyingi, mabua na maranda yana kaboni nyingi. Naitrojeni ikizidi wanaitupa hewani kama amonia. Maranda peke yake yanachelewa sana kuoza, yachanganye na mabua au majani ya migomba.

Tabaka. Kavu, kinyesi, kavu, kinyesi, kila tabaka la kinyesi lisizidi unene wa kiganja. Kavu ndo iwe ya mwisho kila siku, hakuna siku unaondoka ukaacha kinyesi kinaonekana juu.

Ukubwa. Upana mita 1.5 hadi 2, kimo mita 1.2 hadi 1.5, urefu wowote. Likiwa dogo kuliko mita moja kila upande halipati joto, likirefuka sana juu linajikandamiza na hewa inaisha ndani.

Unyevu. Jaribio la mkono tena. Chota konzi moja kutoka ndani, sio juu, minya kwa nguvu zote. Yakitoka matone moja mawili kati ya vidole na donge likabaki limeshikana, hapo ndo penyewe. Maji yakichuruzika hadi kwenye kiwiko, limeloa. Donge likivunjika na mkono ukabaki mkavu, ongeza maji kidogo au mimina ule mkojo wa kwenye pipa.

Kifuniko. Juu na pembeni funika na sentimita 10 za mabua yaliyokatwa au mbolea ya zamani iliyokwisha kuiva. Hili tabaka linakamata harufu inayotoka ndani kabla haijafika kwa jirani, mimi naliona ni muhimu kuliko dawa zote. Turubai ni kwa ajili ya mvua tu, na liinue na miti lisilale juu ya rundo. Masika moja nililifunga rundo kwa nailoni nzito kila upande, nikaweka mawe nikaridhika kabisa. Baada ya wiki mbili nilipofungua ile harufu ilifika hadi barabarani, ilibidi nifanye kazi usiku kwa aibu. Rundo lilikuwa limekosa hewa, basi.

## Hatua ya 6: Nondo na kugeuza

Siku ya tatu chomeka nondo katikati ya rundo, subiri dakika kumi, chomoa ushike ile sehemu iliyokuwa ndani. Gusa taratibu kwanza. Ukishindwa kuishikilia, joto liko kama nyuzi 55 au zaidi na hapo ndo tunapotaka, maana joto hilo linaua mayai ya nzi, vimelea vingi na mbegu za magugu. Ikiwa ya uvuguvugu subiri siku mbili. Ikiwa ya baridi kuna tatizo:

- Baridi na inanuka mayai viza: limeloa, lifungue lote, changanya mabua, lijenge upya
- Linachoma pua: kavu haitoshi, ongeza
- Baridi na halinuki chochote: limekauka, ongeza maji

Geuza mara ya kwanza siku ya 7 hadi ya 10, baada ya hapo kila wiki moja au mbili. Yaliyokuwa nje yaingie ndani, ya ndani yatoke nje, usikoroge tu juujuu.

Muda wa kugeuza ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku ya jua. Ardhi ikipata moto hewa inapanda juu na harufu inatawanyika. Ukigeuza saa kumi na mbili jioni baada ya kutoka kazini, harufu yote inateremka inalala kwa jirani hadi asubuhi.

Utajua umefanikiwa wiki ya 8 hadi ya 12: rundo limepungua karibu nusu, ni la rangi ya kahawia iliyoiva, huoni tena kinyesi, na ukilishika linanukia udongo uliopata mvua ya kwanza.

## Hatua ya 7: Nzi

Kipindi cha joto yai la nzi linakuwa nzi anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10. Kwa hiyo ukihakikisha hakuna kinyesi kibichi kinachokaa zaidi ya siku 5 mahali popote, umekata kizazi kizima bila sumu. Angalia kona ambazo chepe halifiki na ukingo wa rundo, funza wanakimbilia huko nje ambako hakuna joto. Kuku wawili watatu wakiachiwa pembeni ya rundo mchana wanawamaliza.

## Hatua ya 8: Jirani

Hii naihesabu kama hatua kamili. Jirani yangu wa upande wa chini ni mama mtu mzima, alikuja asubuhi moja akasimama getini, hata hakukaa. Akanambia, "Mwanangu, ng'ombe wako siwakatai, maziwa ya wajukuu nanunua kwako. Ila juzi tulikuwa na wageni wa posa, tukashindwa kufungua dirisha." Ile kauli ilinikaa sana. Asingekuja yeye mwenyewe ningesikia kwa bwana afya, na bwana afya ana sheria mkononi.

Kwa hiyo nenda wewe kwanza kabla hujafuatwa. Mwambie siku gani unageuza, muulize kama ana shughuli, msiba, au mgonjwa ndani, hasa mwenye pumu. Mpe namba yako akisikia harufu akupigie muda huohuo, sio wiki ijayo, maana ukijua saa na upepo ulivyokuwa unapata chanzo haraka.

Na wewe uliyehamia, uliyenunua kiwanja kwa sababu kijijini kuna hewa nzuri: nenda kaone kiwanja asubuhi na mapema na jioni kabla ya kulipa, wakati wa masika pia ukiweza. Ukishajenga, panda ua mrefu wa majani ya tembo au miti upande wa banda, haiondoi harufu yote ila inavunja upepo na kukamata vumbi linalobeba harufu. Panda pande zote mbili mkiweza kuelewana.

## Hatua ya 9: Kuipeleka shambani

Iliyoiva haina shida. Ila kama lazima upeleke ambayo haijaiva vizuri, peleka asubuhi jua likishachomoza, tawanya, na ifukie SIKU HIYOHIYO. Ikilala juu ya udongo usiku mmoja harufu inakuwa ya kijiji kizima na mbolea yako inapotea. Usiweke samadi mbichi kwenye mchicha, saladi au karoti, vitu vinavyoliwa karibu na udongo.

Mwenye ng'ombe wawili na kuendelea na maji ya uhakika afikirie pia mtambo wa gesi. Huku Arusha kuna CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, waliosimamia mpango wa biogesi ya majumbani Tanzania ulioanza 2009. Kinyesi na maji vinaingia nusu kwa nusu, unapikia, na tope linalotoka linanuka kidogo sana kuliko kinyesi kibichi. Hilo tope nalo lipitishe kwenye rundo la mabua.

## Ukifanya yote na bado

Subiri wiki tatu kwanza, maana udongo wa zamani uliolowa mkojo unachukua muda kutulia, ukiweza uchimbe sentimita kumi za juu uutoe kabisa. Kama baada ya hapo bado jirani anafunga dirisha, hesabu mifugo na hesabu eneo. Ng'ombe wanne kwenye robo eka yenye nyumba juu yake hawana mahali pa kuweka samadi hata ujitahidi vipi. Uza mmoja, au tafuta mkulima wa mboga mwenye eneo kubwa awe anachukua kila wiki. Huku kwetu wanakuja wenyewe na gari ukiwapigia, mradi uwe umeshajaza viroba na umevipanga karibu na geti.